Ukiwa na milioni 6, tafuta gari la milioni 5 (Sehemu ya 4)



Wiki iliyopita niliandika kuhusu homa za usiku, na wengi mkaniuliza swali moja: "Nesi, tumechoka kumbeba mtoto mgonjwa kwenye bodaboda saa nane usiku. Tumejichanga mimi na baba watoto. Tununue hata kigari cha zamani?"

Jibu langu: nunueni. Gari la zamani siyo aibu. Carina, Corolla, Premio za miaka ya 1990 mwishoni na 2000 mwanzoni zimelea familia nyingi hapa Dar, spea zake zipo kila kona, na fundi wa mtaani anazijua hata akiwa usingizini. Wanaowaambia msubiri mpaka mpate namba E, waulizeni kama wameshawahi kutafuta usafiri usiku na mtoto mwenye degedege.

Ila nina sharti moja, na hili silegezi. Ukiwa na milioni 6 mkononi, usinunue gari la milioni 6. Nunua la milioni 5. Ile milioni 1 siyo ya muziki, siyo ya tinti, siyo ya rimu. Ni ya tairi, breki, mikanda na kiti cha mtoto. Tena itumike kabla mtoto hajapanda hata safari moja.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilikosea.

Tulinunua Carina ya mwaka 1999, namba C, kwa hela yote tuliyokuwa nayo. Dalali alifungua boneti, akawasha injini, akatuambia "sikilizeni, inanong'ona." Kweli ilinong'ona. Ndani kulikuwa na siti kava mpya, zinanukia dukani. Baba watoto akaniangalia, mimi nikamwangalia, tukatoa hela.

Wiki ya tatu tulikuwa tunatoka kliniki. Binti yetu alikuwa na miezi 11. Nilikaa mbele, nimempakata, nimemshika kwa mikono yote miwili. Bajaji ikachomekea ghafla, mume wangu akakanyaga breki. Hatukugonga kitu chochote. Hata mwendo haukuwa mkubwa. Lakini mtoto alinitoka mikononi kama sabuni, akagonga dashibodi. Nyuzi 4 juu ya jicho.

Jamani, mimi ni nesi. Nimeona watoto wa ajali wakiletwa, na siku zote nilikuwa najiambia wangu nitamshika vizuri. Hakuna kumshika vizuri. Gari likisimama ghafla, mtoto anaendelea na mwendo uleule, na uzito wake mikononi mwako unaongezeka mara nyingi. Siyo suala la mapenzi wala nguvu za mama.

Jioni ile tukaenda kutafuta mikanda ya nyuma. Haionekani! Tukavua siti kava: kumbe vifungio vyake vyote vimezikwa chini, fundi kashona juu yake. Gari lilikuwa na mikanda mizima na hakuna aliyekuwa anaitumia.

Kwa hiyo ukienda kuangalia gari, muache fundi na injini yake, wewe kama mama fanya haya:

1. Ingia siti ya nyuma. Vuta kila mkanda hadi mwisho, ufunge, kisha uvute kwa nguvu ya ghafla. Ukishika na usiendelee kutoka, mzima. Ukikosa kifungio, au mkanda umechanika pembeni, hiyo ni hela ya kupunguza kwenye bei.

2. Wakati wa kuwasha, angalia taa ya eabegi kwenye dashibodi. Inatakiwa iwake kisha izime yenyewe. Ikibaki inawaka, kuna tatizo. Isipowaka kabisa, uliza kwa nini, maana kuna watu huitoa taa ili usijue. Na eabegi ikiwa nzima upande wa abiria, usiweke pale kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, hata siku moja. Ikifumuka inaweza kumuua.

3. Soma ubavu wa tairi. Kuna tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT. Ukiona 2312, maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012. Tairi lililopita miaka 10 halifai hata kama kashata bado zipo. Kwetu tairi 4 peke yake zilimeza zaidi ya nusu milioni.

4. Lijaribu gari barabarani na ukanyage breki. Likivuta upande mmoja, au pedali ikizama taratibu ukiwa umeikanyaga, usilipie mpaka fundi wako, siyo wa dalali, alifungue.

Hela ya kubadilisha umiliki TRA na ya bima iwe pembeni, usiiguse. Na kabla ya kulipa, angalia kama namba ya gari ina faini za trafiki, usije ukarithi deni la mtu.

Najua mtaniambia kiti cha mtoto ni mambo ya Wazungu. Shirika la Afya Duniani linasema kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa asilimia 71. Hata chanjo tulizibeba kutoka nje, na hatukuzikataa. Cha mtumba kinafaa kama una uhakika hakijawahi kupata ajali, hakina ufa na kifungio kinashika. Magari haya ya zamani mengi hayana vyuma maalumu vya kukibana, kiti kinafungwa kwa mkanda wa gari. Ndiyo maana nimeanza na mikanda.

Na kama kiti bado hakijapatikana? Kaa naye nyuma, mama ufunge mkanda wako, mtoto asiingizwe ndani ya mkanda huohuo kwa sababu mwili wako utambana. Dereva aende polepole. Siyo salama, nakuambia ukweli, ni afadhali tu. Usiache kukitafuta kiti.

Baba watoto wakikwambia muziki kwanza, mwonyeshe hii. Wangu siku hizi hawashi gari mpaka asikie "klik" mbili kutoka nyuma.

Kovu la binti yangu linafunikwa na nyusi sasa, watu hawalioni. Mimi naliona kila asubuhi nikimchana nywele.

Niambieni hapo chini: mikanda yenu ya nyuma iko wapi? Nendeni mkaangalie kwanza, halafu mje mnijibu.