Mwacheni Mwalimu wa Muziki Asafiri

Na mwanakwaya wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mtembezi hula miguu yake. Methali hii niliisikia katika mkutano wa wazazi mwaka jana. Nilikuwa nimetumwa kupanga viti na kugawa soda, basi nikabaki pale mlangoni nikitega sikio. Mzazi mmoja aliinuka, akajinyoosha koti, akauliza kwa nini shule imlipie mwalimu wa muziki nauli ya Mombasa aende kwa warsha ya siku nne. "Huyo anaenda kuogelea," akasema, "na mtoto wangu ametumwa nyumbani kwa sababu ya karo." Kisha akamalizia na methali hiyo. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi pia nilicheka. Sitaficha, kwani nikificha sitakuwa na haki ya kuandika haya mengine.

Ukweli ni kwamba sisi wanakwaya tulikuwa tumemchoka mwalimu wetu. Kila mwaka tuliimba wimbo ule ule wa kukaribisha wageni, tukibadilisha jina la mgeni tu. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, lakini shule yetu ilikuwa inalijua kwa siku moja tu kila mwaka, kwa sababu tulikuwa tunaangushwa ngazi ya kwanza na kurudi nyumbani kabla jua halijatua. Mwalimu naye alikuwa amekauka kama kijito cha kiangazi. Aliingia, akaandika solfa ubaoni, akagonga dawati kwa kijiti, tukaimba, akatoka. Kuna siku alisinzia sauti ya besi ikiendelea!

Pesa zilikataliwa, lakini mwalimu alikwenda. Alijilipia mwenyewe. Alipanda basi la usiku kutoka hapa Kakamega mpaka Nairobi, akabadilisha huko, akafika Mombasa miguu imefura. Aliporudi, hakutuambia habari za bahari. Alitueleza habari ya aibu.

Huko kwenye warsha kulikuwa na walimu wa muziki kutoka kila pembe ya nchi. Jioni moja kila mmoja aliombwa aonyeshe cha kwao. Mwalimu wetu akapiga isukuti, na nyinyi mnajua isukuti ikilia hakuna anayekaa. Watu waliinuka wakacheza mpaka jasho likawatoka. Alipomaliza, mwalimu mmoja wa kike kutoka Tana River akamwuliza swali la kawaida kabisa: "Mwalimu, mdundo huu ni wa harusi au wa matanga?" Mwalimu wetu akanyamaza. Alijua kuupiga, hakujua ni wa nini. "Niliona afadhali ardhi ipasuke," alituambia.

Basi safari ya Mombasa ikazaa safari nyingine za karibu. Jumamosi tatu mfululizo alituchukua kwa miguu kuwatembelea wazee wa upande wa Shinyalu. Hapa kwetu tunajidai kwamba isukuti haifundishwi, ati mtoto huzaliwa nayo. La hasha! Mzee mmoja alitusikiliza, akacheka mpaka akakohoa, akasema tulikuwa tunampigia bibi harusi ngoma ya kumzika. Kisha akaketi nasi. Ngoma ni tatu kama mjuavyo: kubwa ni baba, ya kati ni mama, ndogo ni mtoto. Mimi napiga ya kati. Miaka miwili yote nilikuwa naipiga kwa nguvu zangu zote ili nisikike kuliko ile kubwa. Mzee akanishika mkono akasema, "Mjukuu wangu, mama hashindani na baba, anamjibu. Ngoja kwanza aseme." Siku hiyo nilianza kusikia ngoma ambayo nilikuwa nimeipiga tu.

Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Zamani nilidhani hiyo ni sifa. Kumbe ni kama kulazwa hospitalini.

Mwalimu mwenyewe aligeuka akawa mtu mwingine. Alituagiza kila mmoja alete wimbo mmoja kutoka kwao, usio wa redio. Mimi nilimletea wimbo wa nyanya yangu wa kusaga wimbi, ambao nyumbani hata hatukuuona kuwa ni wimbo, tulidhani ni nyanya analalamika tu. Mwalimu aliuandika kwa solfa, akaupanga kwa sauti nne, akawa anaupiga mluzi mpaka kwenye foleni ya chai ya walimu. Mara anakuja na wazo jipya asubuhi, mara jioni amelifuta. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mzima akikosea kwa furaha. Mwaka huu tulivuka kaunti ndogo, tukaangushwa kwenye kaunti. Kombe hatukuleta, wala sisemi apewe nauli kwa sababu ya kombe.

Nasema apewe kwa sababu yuko peke yake. Hebu tazameni. Walimu wa hisabati hapa kwetu ni watano. Mmoja akikwama, anageuza kiti tu, anamwuliza jirani yake katika ofisi ya walimu. Tena wao na wenzao wa sayansi wana kituo chao cha mafunzo kule Karen, Nairobi, kinachoitwa CEMASTEA, na tangu mpango wa SMASSE ulipoanza mwaka wa 1998 sijasikia mzazi akisema walimu hao wanakwenda kula raha. Mwalimu wa muziki ni mmoja shule nzima. Akipotea njia, nani atamwonya? Sisi? Sisi tunajua yale tu aliyotufundisha yeye! Ofisi yake ya walimu iko Mombasa, iko Kisumu, iko popote wenzake walipokutana.

Na kama kuna anayedhani muziki wa maana hupatikana kwa kukaa kitako, akumbuke gwaride la Jumatatu. Wimbo wa taifa tunaouimba bendera ikipanda ulitayarishwa mwaka wa 1963 na kamati ya wanamuziki watano. Mmoja wao alikuwa George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alikusanya nyimbo na ala za makabila yetu katika kitabu kilichotoka 1986. Sauti ya wimbo huo hawakuitunga ofisini. Waliichukua kwa Wapokomo wa mto Tana, katika wimbo wa kina mama wa kubembeleza mtoto. Aliyemkumbusha mwalimu wetu jambo hili ni yule yule mwalimu wa Tana River, nyumbani kwa wimbo wenyewe.

Najua mtaniambia habari ya maabara. Ni kweli, gesi ya maabara huisha katikati ya muhula, na mimi mwenyewe nimetumwa nyumbani mara mbili mwaka huu kwa ajili ya karo. Nauli, malazi na ada ya warsha ni kama shilingi 15,000. Si pesa kidogo kwa shule ya kutwa. Lakini gari la timu ya mpira hukodishwa kila muhula, na hakuna anayeuliza kama goli limepunguza deni la maabara. Sisemi mpira ukomeshwe, nisije nikapigwa mawe na mabeki wetu. Nasema kipimo kiwe kimoja.

Mwaliko wa warsha ya likizo ya Desemba umeshafika, uko mezani kwa mwalimu mkuu. Chama cha Kiswahili tumekubaliana kutoa shilingi 1,500 kutoka mauzo ya gazeti hili. Kwaya itaosha magari Jumamosi mbili. Zinazobaki tunawaomba wazazi wetu watakapokutana muhula huu. Nimeambiwa nitagawa soda tena. Yule mzazi wa koti akija, nitampa yake ya kwanza kabisa, kisha nimwombe kwa heshima apitie chumba cha muziki kabla ya kwenda zake, asikilize mama akimjibu baba.