Jiko Lililohamia Sebuleni



Nyumba zinazojengwa leo Malindi, Watamu hata Mtwapa zimeshirikiana jambo moja: jiko halina tena ukuta. Mgeni akiketi sebuleni huona moja kwa moja meza ya graniti, makabati meupe yanayong'ara na taa zilizoning'inizwa juu yake. Wenye nyumba za zamani nao hawataki kuachwa nyuma. Fundi huitwa, ukuta ukaangushwa kwa asubuhi moja, na uani palipokuwa na mafiga pakageuzwa chumba cha kupangisha.

Sisemi haya kwa kejeli. Anayelisifu mno jiko la zamani aghalabu ni yule asiyewahi kupuliza kuni mbichi wakati wa masika. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 mwaka 2020, na wanaouvuta zaidi ni wanawake na watoto wanaoshinda karibu na moto. Gesi imetupunguzia balaa hilo, na tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipoiondolea gesi ya kupikia kodi ya VAT, iliyokuwa asilimia 8, mwenye kipato kidogo naye amepata pumzi kidogo. Vigae vinavyofutika, sinki lenye maji ya bomba, meza ya kusimamia: hizi ni neema, na mwanamke aliyezisubiri miaka ishirini asilaumiwe kwa kuzifurahia.

Ninalolitilia shaka ni ule ukuta ulioangushwa, na ule uani uliopotea.

Nyumba ya Kiswahili ilipangwa kwa daraja, kutoka nje kuingia ndani. Baraza ilikuwa ya wapita njia, sebule ya wageni, na nyuma kabisa uani, milki ya mama. Hata katika magofu ya Gede, yaliyotiwa mwaka 2024 katika orodha ya Urithi wa Dunia, mtu hupita kwanza kiwanja kilichozungushiwa ukuta ndipo afike vyumba vya ndani. Majumba ya mawe ya Lamu yaliweka jiko juu kabisa, chini ya makuti, moshi ukaenda zake na upepo. Kwetu aghalabu lilikaa uani. Mahali ni mbalimbali, hoja ni ile ile: joto na harufu vitoke, na mpishi awe katika stara yake. Huko mama aliweza kuvua mtandio, kujifunga kanga vizuri, akaketi juu ya mbuzi akakuna nazi zake bila jicho la ajnabi. Jirani aliingia kwa mlango wa nyuma, akashika kisu na kumenya vitunguu bila kuombwa, na mengi ya ndoa na ya malezi yalisuluhishwa pale kabla ya tui kuchemka.

Jiko lililo wazi limeyageuza haya. Bwana akirudi na rafiki yake, mpishi huvaa buibui mbele ya mafuta yanayochemka, au hukimbilia chumbani akaacha chungu kiungue. Tazama Ramadhani: wanaume wamekaa wakingojea adhana, na hatua nne mbele yao mabinti wa nyumba wanakaanga viazi karai. Sisemi habari ya makochi, maana mwenye kukaanga samaki katika jiko la namna hiyo anaijua shombo inavyolala kwenye pazia.

Hata hao walioanzisha jiko la kisasa hawakuanza kwa kubomoa. Margarete Schütte-Lihotzky, mchoraji majengo aliyebuni jiko la Frankfurt mwaka 1926, alilifanya chumba cha mita 1.9 kwa 3.4, chenye mlango wake. Na katika nyumba nyingi za Ghuba utakuta majiko mawili: moja zuri la kuonwa na wageni, na jingine la nyuma ambamo kazi yenyewe hufanyika. Mabinti zetu waliokwenda kufanya kazi Riyadh na Jeddah wanalijua hilo la pili kuliko wenye nyumba.

Basi anayetaka kutengeneza afanye, ila auache uani hata kama ni wa hatua tatu, wenye kivuli, bomba na meko moja ya kukaangia. Mbao za kushindiliwa ziitwazo MDF zinapendeza dukani, lakini zikinywa maji huvimba, na hewa ya chumvi hula bawaba za chuma cha kawaida. Rafu za saruji zilizofunikwa vigae, zikawekewa milango ya mbao ngumu, hudumu zaidi katika pwani hii. Mtungi wa gesi ukae nje, pasipo makuti juu yake, na jikoni patobolewe matundu chini karibu na sakafu, kwani gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini. Meza ya kukatia iwe chini kidogo ya kiwiko cha mpishi mwenyewe, si cha fundi.

Mpishi mwenyewe ndiye aghalabu asiyeulizwa. Fedha za majiko haya mara nyingi hutoka ng'ambo, kwa binti aliyejinyima miaka miwili ili mamaye apate jiko kama lile aliloliona kwa tajiri wake. Picha hutumwa kwa simu, fundi akapewa, na mama akakuta amejengewa makabati ya juu asiyoyafikia. Binti yangu, kabla hujatuma hawala, mpigie mama umwulize anaketi wapi akikuna nazi, nani humsaidia siku ya hitima, na mlango upi majirani huingilia. Kisha umwambie fundi aanzie hapo.