Betri Ipi Imekufa?

Dereva wa gari la umeme anayesema "betri imekufa" hajamwambia fundi lolote. Gari kama Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwaka wa 2010, lina betri mbili. Ile ndogo, ya volti 12, huiamsha kompyuta na kuziunganisha swichi zinazopitisha umeme wa betri kuu. Kuu, yenye volti zaidi ya 300, ndiyo huyaendesha magurudumu. Ndogo ikiishiwa, gari hulala kama maiti ingawa kuu imejaa pomoni. Nyaya mbili kutoka betri nyingine ya volti 12 hutosha kuliamsha. Kuu ikiishiwa, nyaya hizo hazifui dafu. Sharti gari lipakiwe juu ya lori, lipelekwe penye chaja. Kulikokota magurudumu yakiwa chini kwaweza kuiharibu mota. (Na seli za lithiamu zikiachwa tupu kwa miezi, huenda zisipokee chaji tena. Hapo ndipo "kufa" huwa neno la haki.)

Aghalabu wanaisimu hulaumiwa kwa kuunda istilahi zisizohitajiwa na yeyote. Hizi zinahitajika gereji. Fundi aliyezoea magari ya petroli, akiambiwa "betri" pasi na kivumishi, huenda akaigusa ile inayoweza kumuua. "Betri kuu" na "betri saidizi" zatosha. Vitenzi "kuishiwa" na "kufa" navyo vimo lughani tangu jadi, kila kimoja na maana yake. Kilichobaki ni walimu wa ufundi kuvitenganisha darasani.