Jua, Matege na Kofia ya Mwanafunzi

Matege ni neno tunalolitumia kumchekea mtoto aliyepinda miguu. Wakati mwingine tunacheka maradhi: mifupa imekosa vitamini D, ambayo ngozi hujitengenezea ipigwapo na jua. Mwaka wa 1919, daktari Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto wa matege mjini Berlin kwa mwanga wa taa maalumu. Iweje basi maradhi hayo yaonekane Nairobi, hatua chache kutoka ikweta? Mtoto afungiwaye chumbani mchana kutwa hana jua, hata likiwaka nje. Na kioo cha dirisha huzuia miali ihitajikayo. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Watoto hao na watolewe nje.

Hata hivyo, walimu wenzangu, jua halina kipimo kimoja kwa wote. Niliwahi kumwona mwanafunzi mwenye ualbino akisimamishwa gwarideni saa sita, kichwa wazi, eti kofia si sare! Huyo ananyemelewa na saratani ya ngozi. Apakwe mafuta ya kuzuia jua, avae mikono mirefu. Vitamini ataipata kwa samaki wenye mafuta, mayai, au vidonge kwa ushauri wa daktari. Na kanuni hiyo ya kofia ifutwe muhula huu.