NANI MWAMUZI WETU?

Ndugu wanachama, majimbo mawili ya shirikisho moja yakigombana, nani huwahukumu? Mwaka 1834 New York na New Jersey, huko Marekani, ziliandikiana mkataba: kisiwa cha Ellis ni cha New York, ardhi iliyo chini ya maji yaliyokizunguka ni ya New Jersey. Baadaye Serikali ya shirikisho ikamwaga kifusi baharini, kisiwa cha ekari 3 kikawa cha ekari 27. Ardhi mpya ya nani? New Jersey ikashitaki katika Mahakama ya Juu, ambayo majaji wake hawakuwekwa na jimbo lolote kati ya hayo, na mwaka 1998 ikapewa ardhi hiyo ya kifusi.

Sisi, Katiba ya Muungano ya 1977 imetupa Mahakama Maalum ya Katiba: nusu ya wajumbe huteuliwa na Serikali ya Muungano, nusu na Serikali ya Zanzibar, na hukumu haipiti ila kwa thuluthi mbili za kila upande. Upande mmoja ukikataa, shauri limekwama. Hicho ni kikao cha suluhu (wala suluhu hatuibezi), lakini mahakama sicho. Twadai ibara hiyo ibadilishwe, awepo jaji wa kukata shauri pande zikitoshana.