Msondo Mmoja, Hukumu Mbili

Mwaka 2007 kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilitoa Zanzibara 4, albamu ya Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude. Miaka miwili kabla yake alikuwa ametunukiwa tuzo ya WOMEX nchini Uingereza. Tulizipokea habari hizo kwa fahari, na alipofariki Aprili 2013 tulimlilia kama hazina ya Taifa. Sina ugomvi na sifa hizo. Ugomvi wangu ni kwamba tulikisifu tusichotaka kukitambua.

Bi Kidude hakuwa mwimbaji wa taarabu tu, alikuwa kungwi. Msondo alioupiga kwa kusimama, ameubana mapajani, ndio aliowachezea mabinti wa Unguja katika unyago kwa miongo mingi. Na unyago huo ulivuka bahari pamoja na Wayao, Wanyasa na Wamakonde, wengi wao wakiwa mateka waliopitishwa katika bandari za kusini, Kilwa na Mikindani zikiwamo. Kwa hiyo dunia ilipomshangilia Bi Kidude, ilishangilia pia urithi wa Kusini.

Sasa msondo huohuo ukilia Newala, Tandahimba au Msimbati, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, huitwa adui wa maendeleo. Mwanafunzi akipata mimba, unyago. Akiwa mtoro, unyago. Akifeli, unyago. Kiongozi anayeulizwa kuhusu elimu ya Mtwara amejipatia jibu la mkato lisilohitaji bajeti.

Sitetei kila kinachofanywa kwa jina la mila. Mtoto anayetolewa darasani ili achezwe anadhulumiwa. Anayeambiwa kwamba sasa yu tayari kwa mume, ilhali bado yu shule ya msingi, anadhulumiwa zaidi. Agizo la kuzifanya sherehe hizi wakati wa likizo ni la haki. Lakini tuulizane, ndugu watumishi wa umma: ni kungwi gani aliyeandika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyomruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi? Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu hivyo mwaka 2016, aliyekata rufaa hakuwa kungwi. Ilikuwa Serikali, nayo ikashindwa mwaka 2019. Wala si kungwi aliyemfungia mlango mwanafunzi aliyejifungua asirudi shuleni, mpaka zuio hilo lilipoondolewa Novemba 2021.

Kungwi ana kitu ambacho afisa hana: binti humsikiliza, na mama wa binti humwamini. Mwenye sauti kama hiyo hualikwa kikaoni kabla maazimio hayajaandikwa, akaulizwa umri upi unafaa, nini kifundishwe na nini kiachwe. Kumwita baadaye ili asomewe onyo si ushirikishwaji.

Nanyi wanafunzi mnaoandika tasnifu juu ya Bi Kidude, vukeni bandari ya Zanzibar mje Kusini. Nyimbo za makungwi wa huku bado zimo vichwani mwa vikongwe, na vikongwe hawatusubiri.

Basi tuchague. Ama tutamke hadharani kwamba Bi Kidude naye alikuwa adui wa maendeleo, tumvue sifa zote tulizompa. Ama tukae mkekani na makungwi wa Mtwara, tuzungumze nao kama watu wazima wenzetu.