Ukizomea, Acha na Neno

Saa tatu usiku, katika kundi la wafugaji wa kuku ambalo nimo, mama mmoja mgeni aliandika: "Naombeni msaada, vifalanga vyangu vya wiki nne vinahala damu." Kabla maji yangu ya chai hayajachemka, chini ya swali lake zilikuwa zimejipanga emoji 43 za kucheka hadi machozi. Mmoja akauliza kama ni faranga za Rwanda au za Burundi. Nikacheka peke yangu jikoni, nikabonyeza ya 44, nikanywa chai, nikalala.

Asubuhi swali halikuwepo. Alikuwa amelifuta na kujitoa kwenye kundi.

Jibu nilikuwa nalo. Vifaranga vya umri ule vikihara damu, mara nyingi ni koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vinavyostawi kwenye matandiko yaliyolowa. Unatoa matandiko mabichi unaweka makavu, unatenga vilivyojikunyata, unamuona mtaalamu wa mifugo akupe kipimo cha amproliamu ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa. Na unafanya hivyo leo, kwa sababu kesho utaamka kuokota mizoga. Maneno ya dakika mbili tu. Kidole changu kilikuwa na nafasi ya kuyaandika, kikaenda kwenye kicheko.

Ile emoji ya 44 imenikaa rohoni, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie, ndugu msomaji.

Kuzomea hatukufundishwa na intaneti. Mshambuliaji akipaisha penalti tunamzomea, mgombea akitoa ahadi ileile ya miaka mitano iliyopita tunamzomea, na watoto wa mtaa wowote wanajua namna ya kumzomea kikojozi. Lakini zomeo la mtaani lina mwenyewe. Unamuona anayekuzomea, mama yake unamjua, na kesho mtapanga foleni moja bombani. Likiingia kwenye simu linabaki bila sauti na bila uso, halafu, balaa juu ya balaa, linahesabiwa. Dole chini, nyota moja, pointi zinazopungua: yote hayo ni mazomeo yaliyogeuzwa namba.

Waliobuni hesabu hiyo hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na tatizo la kweli: watu maelfu wasiojuana watamtambuaje mwaminifu na tapeli? Februari 1996, Pierre Omidyar, mwanzilishi wa soko la mnada la mtandaoni la eBay, alifungua mahali ambapo muuzaji na mnunuzi wangeweza kupeana alama baada ya biashara. Ikasaidia. Mwaka 2006 Paul Resnick na wenzake walichapisha jaribio zuri sana: muuzaji wa kadi za posta za zamani, mwenye sifa ya miaka mingi, aliuza kadi za aina ileile kwa jina lake na pia kwa majina mapya yasiyojulikana na mtu. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa asilimia 8.1 zaidi kwa jina lenye sifa. Wahenga walituambia chema chajiuza. Sokoni kwa wasiojuana, kumbe, chema nacho kinahitaji wa kukitolea ushahidi.

Hata hivyo nipe nikupe haikukawia. Miamala ya eBay ya mwaka 1999 ilipochambuliwa, alama mbaya kutoka kwa wanunuzi hazikufika hata asilimia moja. Usidhani soko lilijaa malaika. Mnunuzi alijua kwamba akitoa alama mbaya, na yeye atarudishiwa yake, hivyo wengi walinyamaza au walisifu. Mwaka 2008 eBay ikawanyang'anya wauzaji uwezo wa kuwapa wanunuzi alama mbaya.

Tena ile ilikuwa kazi rahisi. Kadi ya posta imefika au haijafika, imekunjika au haikukunjika. Swali la mtu anayejifunza halipimiki hivyo, na hapo ndipo alama zinapoanza kuyumba.

Wanaprogramu wengi wanaujua mtandao wa Stack Overflow, ulioanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky ili wenye kukwama waulize na wenye kujua wajibu. Kule zomeo limewekewa bei. Kwa miaka mingi ukiwa na pointi 15 uliruhusiwa kusifu, lakini kuzomea ilikuwa mpaka ufikishe 125. Jibu lako likizomewa unapoteza pointi 2, na aliyelizomea naye anakatwa pointi 1. Hiyo pointi moja naipenda kuliko kitu kingine chochote katika mpango wao, maana anayetaka kumuumiza mwenzake lazima naye achomwe kidogo. Lakini Aprili 2018 kampuni yenyewe ilikiri hadharani kwamba watu wengi, hasa wageni, wanajiona hawakaribishwi pale. Bei ilikuwa imekifanya kidole kifikiri mara mbili. Haikukilazimisha kieleze.

Mwaka 2014, Justin Cheng, Cristian Danescu-Niculescu-Mizil na Jure Leskovec walitoa utafiti uliofuatilia maoni ya wasomaji katika tovuti nne kubwa, CNN ikiwa mojawapo. Walitaka kujua mtu aliyezomewa hufanya nini baadaye. Sote tungetaraji ajirekebishe au anyamaze. Walichokuta ni kinyume: aliandika zaidi, tena maandiko ya ubora wa chini kuliko ya mwanzo, na akaanza kuwazomea wengine zaidi ya alivyokuwa akifanya. Zomeo linaambukiza kama kideri bandani. Sishangai sana. Mtu aliyepigwa gizani hajui kosa lake ni lipi. Anachojua ni kwamba kapigwa, na kwamba hata yeye ana mikono.

Katika utafiti huohuo kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana, nami naliona zito zaidi. Waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kuondoka moja kwa moja ni wale ambao hawakupewa chochote, si sifa wala zomeo. Waliongea, hakuna aliyegeuka. Fikiria mgeni anapiga hodi, watu wamo ndani wanaongea, na hakuna anayesema karibu. Atasimama mlangoni mpaka lini?

Sifa nazo zina ujanja wake. Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walichapisha mwaka 2013 jaribio lililohusu maoni zaidi ya laki moja. Baadhi ya maoni yalipewa kura moja ya sifa kwa bahati nasibu, mengine kura moja ya zomeo, mara tu yalipoandikwa. Zomeo la bandia lilisahihishwa na watu waliofuata. Sifa ya bandia haikusahihishwa. Iliita sifa nyingine, na mwisho wa safari alama za maoni hayo zilikuwa juu kwa asilimia 25 kwa wastani. Wa kwanza akipiga vigelegele, ukumbi mzima unadhani mwimbaji kaimba vizuri.

Hapa utanikumbusha mgema, akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo naiheshimu, lakini ipo ya kuijibu. Mwaka 2012 Michael Restivo na Arnout van de Rijt walichukua wahariri 200 kutoka asilimia moja ya wachangiaji hodari kabisa wa Wikipedia, watu wanaofanya kazi bila kulipwa hata senti. Nusu yao wakapewa nishani ndogo, picha ya nyota tu ambayo mwenzako huibandika kwenye ukurasa wako ili kukushukuru kwa kazi. Ndani ya siku 90, waliopewa walifanya kazi zaidi kwa asilimia 60 kuliko wasiopewa. Mgema huyu alisifiwa, akapanda minazi zaidi.

Sasa ombi langu. Sikuombi uache kuzomea. Yule anayeingia kwenye kundi na chupa ya dawa inayotibu magonjwa yote ya kuku, ya ng'ombe na ya ndoa, mpe dole chini bila huruma. Ninachoomba ni kwamba kila unapobonyeza dole chini, nyota moja au emoji ya kicheko, uache na sentensi moja chini yake. "Dawa hii haina namba ya usajili." "Umekosea kipimo, angalia tena." Kwa dereva wa bodaboda: "Ulipita njia ndefu bila kuniambia." Usipoipata sentensi, basi huenda huna sababu ya kuzomea, una hasira za siku hiyo tu.

Na ukiwa na nyota za kugawa, kumbuka hesabu hii. Dereva mwenye safari 10, tisa za nyota tano na yako moja ya nyota moja, wastani wake ni 4.6. Mwenye safari 500 akipewa nyota moja mara moja tu, anabaki na 4.99. Hasira ileile, kwa mkongwe ni vumbi, kwa mgeni ni kibao. Na kampuni za usafiri wa kuita kwa simu zina kiwango ambacho dereva akishuka chini yake huonywa, kisha hufungiwa. Mgeni mpe nafasi. Mwambie kwanza.

Kwenu maadimini wa makundi ya WhatsApp na Facebook, ombi ni fupi: tafuteni kila jioni swali lililokaa bila jibu, mlijibu hata kwa kusema mnamwita anayejua. Nanyi mnaotengeneza programu Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali, wekeni kisanduku cha maneno kando ya kitufe cha zomeo, na kitufe kisifanye kazi kisanduku kikiwa kitupu. Mtalalamikiwa kwamba mmewachelewesha watu. Wacheni wachelewe.

Sina njia ya kumpata yule mama. Jina alilotumia lilikuwa la utani, na vifaranga vyake sijui viliishia wapi. Juzi usiku kaingia kijana mwingine, kaandika: "Shikamoni wakubwa, kuku wangu wanakoloma usiku." Kicheko cha kwanza kilikuwa tayari kimeshawekwa nilipofungua. Nikaandika chini yake: "Marahaba mdogo wangu. Wanatoa makamasi? Macho yamevimba? Na banda lina madirisha mangapi?"

Pakawa kimya kwa dakika kadhaa. Kisha akajibu kwamba anakwenda kuangalia na tochi.